Bwawa la matete huanza na hesabu ya maji

Mhariri,

Tunaona shule za bweni zikivutiwa na mabwawa ya matete ya kusafisha maji taka, yaani mashimo yaliyojazwa kokoto na kupandwa matete, nasi tunafurahi. Lakini tafadhali, hesabu kwanza. Wanafunzi 200 wakitumia lita 50 kila mmoja kwa siku, ni mita za ujazo 10, na maji hayo yakae kwenye kokoto kama siku 5. Maji yakiwa na kina cha nusu mita, na nafasi kati ya kokoto ikiwa asilimia 40, eneo linalotakiwa ni mita 10 kwa 25.

Sakafu izibwe kwa plastiki nzito au mfinyanzi ulioshindiliwa. Kokoto ziwe za milimita 10 hadi 20, zilizooshwa, kwani vumbi lake huziba. Maji yabaki sentimita 10 chini ya uso wa kokoto, mbu wasipate pa kuzalia. Bomba la kutolea lenye elbo (kiungo kilichopinda) inayozungushwa hutosha kurekebisha kiwango hicho.

Adui mkubwa ni tope. Karo, yaani tangi la kutuamisha tope kabla maji taka hayajaingia bwawani, lisiponyonywa kwa wakati, tope huhamia kwenye kokoto, maji hutuama juu na kunuka. Hapo hakuna njia ila kuzifukua na kuziosha, kazi ghali kuliko gari la kunyonya. Karo lipimwe kila mwaka. Tope likifika theluthi ya kina, linyonywe.

Maji yanayotoka bado yana vimelea. Yamwagilieni migomba, si nyanya za kachumbari.

Wahandisi wa maji taka,
Morogoro