Jamani, akiki si tanzanaiti

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini kwako maana nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Toka niweke picha za mawe niliyookota huku Arizona, Marekani, kwenye grupu la familia simu haipumziki, mjomba anauliza kilo inaenda bei gani, shemeji anataka nimtumie japo moja amalizie nyumba, na kila mtu ananitajia Laizer wa Simanjiro aliyeuza tanzanaiti zake mbili kwa bilioni 7.7 mwaka 2020. Sasa mimi nina akiki, jiwe la bei ndogo! Ile ile ya pete ya babu, basi.

Karibu na mji wa Safford kuna jangwa linaitwa Black Hills, serikali imelitenga kabisa watu wa kawaida waende kuokota mawe ya kwao binafsi, hakuna cha leseni. Unabeba ndoo, nyundo na maji ya kutosha. Unaenda asubuhi jua likiwa bado chini, unatembea ukilielekea, maana akiki inapitisha mwanga, kwahiyo katikati ya mawe yaliyofubaa unaona kitu kinang'aa kama kipande cha sukari guru. Mkono usiuingize chini ya jiwe, pindua kwa nyundo kwanza, nge wapo. Ukilipata unalilowesha (mi nalamba, mke wangu akiona anageuka pembeni) halafu unalikwaruza na kisu, kama ni lenyewe kisu ndo kinaacha alama yake, jiwe halina habari.

Ya hapa wanaiita akiki ya moto. Nje ni kahawia, ina vinundu kama zabibu zilizoshikana, ila ndani ina tabaka nyembamba mno za madini ya chuma, mwanga ukipiga unaona rangi kama petroli iliyomwagika kwenye dimbwi. Kuufikia huo moto unasugua polepole mno, ukizidisha kidogo tu rangi yote imeondoka na vumbi, mi nimeshaua mawe matatu hivyo hivyo.

Nilichotaka kusema hasa ni hiki. Kwetu Haneti, Dodoma, kuna krisopresi, ndugu wa damu wa akiki, nikeli tu ndo imeipa ukijani. Lakini huwezi kumchukua mwanao Jumamosi mkachimbue mawe kwa raha zenu, bila leseni ni kosa. Tanzanaiti naelewa walinde, hata ukuta wajenge kama walivyojenga kuzunguka migodi kule Mirerani. Ila haya ya bei ndogo, wizara ishindwe kutenga hata kilima kimoja mtu aingie na ndoo yake? New Mexico wana hifadhi ya jimbo kabisa, kila mgeni anaruhusiwa kutoka na karibu kilo 7. Mhariri, hebu waulizeni wahusika.

Na mjomba kama unasoma, jiwe lako linakuja na mgeni wa Desemba. Ni moja, na halijengi hata choo.

Msomaji wako,
Tucson, Arizona