Barua kwa wajukuu zangu: uovu hatukufundishwa

Wajukuu zangu wapendwa,

Mliniambia binadamu huzaliwa mwema, dunia ndiyo inayomharibu. Sikuwajibu papo hapo, maana jibu langu linaanza na mimi mwenyewe.

Nilikuwa na rafiki, tukiishi kama chanda na pete. Akapewa cheo nilichokitamani. Nilimpa mkono na kumwombea heri, na nilimaanisha. Baada ya muda nikasikia amevuliwa. Kabla huzuni haijafika, furaha fulani ilinipitia moyoni, nyepesi, ikatoweka. Nikawahi kusema “maskini!” Lakini nilikuwa nimekwisha kuiona. Rafiki yule hakunikosea kitu, na anguko lake halikuniongezea chochote. Nani alinifundisha kulifurahia?

Mtazameni mtoto anayesema “si mimi” huku sukari imemganda mdomoni. Kusema kweli, kushukuru, kugawana na mwenzake, hayo tunamfundisha kila siku kwa miaka. Uongo hakuna aliyekaa naye chini akamfundisha.

Augustino, askofu na mwalimu mkubwa wa Ukristo aliyezaliwa Afrika ya Kaskazini mwaka 354, alikiri kwamba akiwa na miaka 16 yeye na wenzake waliiba mapeasi usiku, mengi wakawatupia nguruwe. Njaa hakuwa nayo, na mwenyewe alikuwa na mapeasi mazuri kuliko yale. Alichokipenda, anasema, ni kule kutenda kosa kwenyewe. Ungamo hilo hunitisha kuliko habari za wauaji, kwa sababu najiona humo.

Pelagio, mwalimu wa dini wa wakati huo aliyebishana naye, alifundisha kwamba dhambi huenea kwa kuigana. Mtaguso wa Karthago, yaani mkutano wa maaskofu wa Afrika ya Kaskazini, wa mwaka 418 ulilikataa fundisho lake. Kuigana kupo, sikatai. Ila wa kwanza alimwiga nani? Na hiyo dunia mnayoilaumu, ni akina nani kama si sisi?

Wema upo, wanangu, nimeuona kwa macho. Lakini hata nikitoa sadaka jicho huzunguka kutafuta nani kaniona. Hilo linaniuma mpaka leo, uzeeni. Nami nawahofia ninyi: mkiamini uovu uko nje tu, mtausaka kwa wazazi na majirani maisha yenu yote, wala hamtapiga magoti.

Rafiki yangu yule nilimwendea miaka mingi baadaye, nikamweleza. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniambia kwamba siku mwanangu alipofeli mtihani, naye alifurahi kidogo.

Babu yenu