Umehamia dona na sukari haijashuka? Tuzungumze habari ya chekeche

Mzee mmoja mstaafu wa reli, mteja wetu wa siku nyingi hapa Tabora, alikuja mashineni na kidaftari chake cha vipimo. Aliacha sembe, akahamia dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, wenye nyuzinyuzi zake zote, lakini sukari yake baada ya kula haikushuka kama alivyotegemea. "Kijana, mnanisagia nini nyie?" Nilimwambia shikamoo kwanza, nikavuta kiti.

Wanga wa mahindi ni glukosi nyingi zilizoungana kama shanga kwenye uzi. Vimeng'enya vya mate na vya kongosho huukata uzi huo, kisha glukosi moja moja hupenya ukuta wa utumbo mwembamba na kuingia kwenye damu. Nyuzinyuzi zenyewe hazikatwi na vimeng'enya hivyo. Hupita mpaka utumbo mpana, na huko bakteria hula sehemu yake.

Sasa, nyuzinyuzi si za aina moja, na hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Kuna zinazoyeyuka kwenye maji na kuwa ute. Ukila mlenda unaujua ute huo. Ukiwa tumboni, hufanya chakula kitoke taratibu, na glukosi huchelewa kuufikia ukuta wa utumbo. Sukari inaingia, ila inapanga foleni. Shayiri na oti zina nyingi za aina hiyo, ziitwazo beta-glukani. Pumba ya mahindi ni habari nyingine: karibu yote haiyeyuki. Kwa choo inasaidia sana. Kwa sukari, msaada wake mkubwa ni pale inapobaki ganda. Punje ikiwa nzima, kama kwenye makande, wanga umejificha ndani na vimeng'enya huufikia kwa shida.

Halafu punje hiyo inaletwa kwetu. Nyundo za mashine zinaipiga mpaka ipite kwenye chekeche la matundu madogo, kwa sababu wateja wanapenda ugali laini. Pumba yote imo, hatujaiba hata gramu, lakini kuta zilizoficha wanga zimevunjika. Dona laini kama poda humeng'enywa upesi. Bado naipendelea kuliko sembe, maana ina kiini, vitamini na nyuzinyuzi zake, ila sitamdanganya mtu kwamba ni dawa.

Ndiyo maana tumeweka chekeche la matundu makubwa kwa anayetaka unga wa chenga, uwe wa mahindi, mtama au uwele. Utuambie kabla hatujawasha mashine. Ugali wake unakwaruza kidogo na unataka muda zaidi jikoni; watoto watanuna siku mbili tatu.

Unga peke yake hautoshi. Tonge likiwa kubwa kama ngumi mbili, chekeche halina la kukusaidia. Punguza ugali, ongeza maharage, kunde au mlenda, ambazo zina zile nyuzinyuzi za ute. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula. Na dawa za kisukari usiziache wala kuzipunguza bila kumwona daktari.

Jambo moja tunagombana nalo na wateja kila msimu: mahindi mabichi au yaliyoota ukungu hatuyasagi dona. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, hujaa zaidi kwenye ganda na kiini, sehemu zilezile ambazo kukoboa kungeziondoa. Yaanike yakauke vizuri, uyachambue, ndipo ulete. Saga kidogo kidogo pia, kwa kuwa mafuta ya kiini huufanya unga uchachuke mapema kuliko sembe.

Mzee alichukua nusu debe ya chenga. Juzi amerudi: mama nyumbani kasema hicho ni chakula cha kuku, lakini yeye anataka nusu debe nyingine, na safari hii ichanganywe na mtama.