Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa Masomo 2023/24

Ndugu wanachama, walezi wetu mliofika, na ninyi wa mwaka wa kwanza mliojibana pale nyuma karibu na mlango,

Katiba yetu inanitaka nisome taarifa hii kabla mweka hazina hajasoma ya kwake. Nadhani walioiandika walijua kwamba hesabu zikishasomwa hakuna atakayenisikiliza.

Kamati hii ilipoingia madarakani ilikuta umoja wetu wa wanafunzi tutokao Kigoma una kazi kubwa mbili kwa mwaka: hafla ya kukaribisha na hafla ya kuaga. Sizibezi. Mimi mwenyewe rafiki zangu wawili wa kudumu hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, niliwapata kwenye foleni ya pilau ya kukaribishwa. Lakini tulipokaa na daftari la wanachama tukamuuliza kila mmoja alikwamia wapi mwaka uliotangulia, hakuna aliyetaja pilau. Walitaja kitanda, nafasi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, na cheti cha kuzaliwa cha bibi. Tukaifuta hafla ya kukaribisha, fedha yake tukaigawa kwenye hayo matatu. Najua wapo ambao hadi leo hawajatusamehe.

Mapokezi tuliyaanzia stendi. Wanachama wa mwaka wa pili walipangwa kwa zamu pale Stendi ya Magufuli, Mbezi, maana basi kutoka kwetu likishusha watu usiku, mtoto wa watu anatua na begi, ndoo ya dagaa na galoni la mawese, halafu bodaboda wa kwanza kumwita "mdogo wangu" ndiye anayemtoza nauli ya kukomoa. Zamu zilifanya kazi vizuri kuliko tulivyotarajia. Galoni moja tu lilipasukia ndani ya bajaji ya watu, na gharama ya kuiosha mtaikuta kwenye hesabu, chini ya kichwa "dharura".

Sasa kitanda. Mnajua wenyewe kwamba hosteli za Magufuli zilipofunguliwa mwaka 2017, majengo 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840, watu walidhani tatizo limekwisha. Limepungua, halijaisha, hata ukihesabu hosteli ya Mabibo na mabweni ya ndani ya chuo. Anayekosa anapanga Changanyikeni, Makongo, Msewe au Savei, au anabebwa, yaani analala kwenye kitanda cha mwenzake. Kubebana kanuni hairuhusu na mwenyekiti hawezi kusimama hapa akakusifia, ila asiye na dhambi na awe wa kwanza kurusha jiwe. Tulichofanya sisi ni daftari la vyumba: kila mwanachama aliyepanga mtaani aliandika kodi yake, hali ya maji, umbali wa kutembea hadi madarasa ya Yombo, na tabia ya mwenye nyumba. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyosomwa kuliko zote.

Daftari lilizaliwa na maumivu. Mwenye nyumba mmoja alipokea kodi ya miezi sita kutoka kwa wadogo zetu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, kwa chumba kilekile. Tuliwasindikiza ofisi ya serikali ya mtaa na fedha ikarudi kwa mafungu hadi mwezi Machi. Tangu hapo tumekubaliana: hakuna kulipa bila mkataba uliopita serikali ya mtaa, hata kama chumba kinatazama bahari.

Kuhusu bumu nitakuwa mfupi. Posho ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, kutoka 8,500. Inakuja kwa mkupuo, na mkupuo wa kwanza una tabia ya kugeuka simu. Mfuko wetu wa kukopeshana, shilingi 50,000 kwa mtu hadi bumu litoke, uliwavusha wengi wiki zile za mwanzo. Kosa letu, na hili ni la kwangu binafsi, ni kukopesha bila mdhamini. Waliomaliza mwaka wa tatu na deni wanajijua, na simu wanaziona. Nanyi mnaohitimu msisahau kwamba mkopo wa Bodi nao ni deni: ukipata ajira, asilimia 15 ya mshahara itakatwa kila mwezi.

Nikae zaidi kwenye karatasi, kwa sababu hapa ndipo nafasi nyingi za watu wetu zinapokufa.

Mwanachama wetu mmoja wa mwaka wa pili aliteuliwa kwenda kusoma muhula mmoja Ulaya kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Nauli ingelipwa, posho ingelipwa. GPA alikuwa nayo, barua za walimu alikuwa nazo. Hakuwa na pasipoti. Pasipoti inataka namba ya NIDA, na namba yake ilikuwa imekwama, kwa sababu sisi tunatoka mpakani. Akaulizwa uraia wa baba, wa mama, halafu wa bibi. Bibi yake alizaliwa wakati ambapo pale kijijini hakuna aliyewahi kuona cheti cha kuzaliwa. Ikabidi apande basi hadi Kasulu, atafute wazee wanaomfahamu bibi, waape mbele ya hakimu, arudi. Namba ilipotoka, dirisha la maombi lilikuwa limefungwa kwa siku tisa.

Sisimami hapa kulaumu ofisi. Mpaka ni mpaka, na wanaohoji wana sheria yao. Lakini mwenzetu wa Morogoro anazianza mbio hizi akiwa mbele yetu mita mia, na wengi wetu hatujui hivyo mpaka firimbi imeshalia. Kwa hiyo kamati iliandaa orodha ya nyaraka, ukurasa mmoja, ikampa kila mwanachama kabla ya likizo: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, namba ya NIDA, viapo vya wazazi kwa anayevihitaji, kisha pasipoti. Ukiwa nyumbani na wazee wako hai na wapo karibu, ndio wakati wa kuvitafuta, si siku tangazo linapobandikwa. Ada ya pasipoti ni shilingi 150,000 na mfuko wetu hauiwezi; tulichangia gharama za viapo tu. Wanachama 11 sasa wana pasipoti ambazo bado hawajui watazipeleka wapi. Hivyo ndivyo tulivyotaka.

Fildi nayo ilitufundisha jambo. Kila mwaka ikikaribia likizo ndefu watu wanagombania barua za Posta na Masaki, kana kwamba wiki nane za mafunzo kwa vitendo haziwezi kufanyika nje ya Dar es Salaam. Mwaka huu tuliwashawishi baadhi warudi nyumbani. Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, na wanaosoma sayansi za maji na uvuvi walikuwa wanapanga chumba Sinza ili wajifunze samaki kwenye kompyuta! Wawili walikwenda kituo cha utafiti wa uvuvi palepale Kigoma, wakalala kwao, wakala ugali wa mama, na wamerudi na takwimu zao wenyewe za migebuka kwa ajili ya tafiti za mwaka wa mwisho. Wa utalii mmoja alikwenda Hifadhi ya Gombe. Wa sheria walikataa kuondoka, nao wana sababu zao.

Nafasi nyingine zipo na zinapita mbele ya macho yetu. TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya chuo chetu, kuna wageni wanaojifunza Kiswahili na wanatafuta watu wa kuzungumza nao; mwenzetu aliyejitolea huko sasa analipwa kuwafundisha jioni. Kichina kinafundishwa Taasisi ya Confucius tangu 2013. Maktaba mpya, ile iliyofunguliwa 2018, ina nafasi za kukaa watu 2,100, na wengi wetu tunaijua kwa soketi za kuchajia. Wiki ya Utafiti na Ubunifu inakuja kila mwaka, sisi hatukupeleka hata bango moja.

Kwenye taaluma tulishindwa. Tulipanga makundi ya kujisomea vimbwetani, kwenye zile meza za zege za nje, kila Jumanne, wa juu wawasaidie wa chini. Wiki ya kwanza kimbweta kilijaa. Wiki ya nne tulibaki mimi na katibu, tukapiga soga hadi giza. Wanne walipata sapu, yaani mitihani ya marudio, hakuna aliyedisko kwa maana ya kuondolewa chuoni, ila hilo si kwa juhudi za kamati.

Jingine ni mikutano. Kwa miezi mitatu niliita vikao saa mbili usiku, nikajiuliza mbona dada zetu hawaji. Mmoja akaniuliza kama nimewahi kutembea peke yangu kutoka Hall 2 hadi Changanyikeni saa nne usiku. Sikuwa nimewahi. Tulihamishia Jumamosi saa kumi jioni, na nusu ya hoja zilizopita tangu hapo zimetoka kwao, ikiwamo ya daftari la vyumba niliyojisifia hapo juu.

Kwa wanaouliza kwa nini hatukulifikisha kila jambo mbele: serikali ya wanafunzi ni DARUSO, sisi si mbadala wake. Yaliyotuzidi tuliwapelekea, mengine yakajibiwa.

Dada yetu wa Kasulu ameomba tena. Pasipoti anayo, ya bluu, ameifunika kwa nailoni. Jibu bado halijatoka.

Mimi namaliza na sigombei. Fomu za uchaguzi anazo katibu hadi Ijumaa. Daftari la vyumba na orodha ya nyaraka vipo kwenye sanduku la umoja, na ufunguo anao mweka hazina, ambaye sasa namkaribisha asome hesabu, ikiwamo ile ya kuosha bajaji.