Nafasi za kazi vyuoni: kagueni viambatisho leo

Wapendwa, habari za jioni. Mnaoomba kazi vyuo vya umma kupitia Ajira Portal (mfumo wa mtandaoni wa maombi ya kazi serikalini): matangazo mengi ya mkufunzi msaidizi hutaka GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.8 shahada ya kwanza, kwa hiyo soma sifa kwanza. Ila inauma zaidi mtu mwenye GPA nzuri akikatwa kwa viambatisho. Matokeo ya muda hayapokelewi. Pakia cheti chenyewe na transkripti, nakala zenye muhuri wa wakili unaosomeka, si ule uliofifia kwenye skani. Barua ya maombi iwe na saini. Cheti cha kidato cha nne kinasema "Asha Juma", cha chuo "Asha Juma Mussa"? Shughulikia hati ya kisheria ya majina mapema. Uliyesoma chuo kikuu nje ya nchi, vyeti vya chuo vithibitishwe na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania).