Barua ya Malalamiko: Kabati la 1770 Lenye Alama ya Glasi

Leicester,
17 Machi 2025

Meneja Mauzo,
Duka la Samani na Vitu vya Kale.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHA KABATI LA DROO LA GHOROFA MBILI NA JOZI YA MBWA WA KAURI, ANKARA NA. 0417

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Mwezi uliopita nilinunua kwenu vitu vitatu kwa WhatsApp, kwa picha na video, bila kukanyaga dukani. Vililetwa kwangu Jumanne, tarehe 4 Machi. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu tangazo lenu lilikuwa la Kiswahili, na kijana wenu wa mauzo aliniita "mama" tangu simu ya kwanza hadi siku niliyomwambia kuna tatizo. Siku hiyo nikageuka kuwa "madamu".

Ankara yenu inasema hivi: kabati la droo la ghorofa mbili, mahogani, enzi ya Mfalme George III, mwaka 1770 hivi, halijabadilishwa kitu, pauni 3,200. Jozi ya mbwa wa kauri wa Staffordshire, mwaka 1850, pauni 180. Kijiko cha chai cha fedha, Birmingham, pauni 45. Usafiri pauni 140. Jumla pauni 3,565, ambazo nililipa zote siku ileile.

Nianze na kijiko, nisije nikaonekana mtu wa kulalamika tu. Kijiko ni halali. Nyuma ya mpini kuna simba anayetembea, alama ya fedha halisi ya Kiingereza; kuna nanga, alama ya mji wa Birmingham; na kuna kichwa cha Malkia Victoria kuonyesha kwamba ushuru ulilipwa, alama iliyokoma mwaka 1890. Herufi inayoonyesha mwaka imelika kidogo lakini inasomeka. Kijiko nabaki nacho.

Sasa kabati.

Marehemu baba yangu alikuwa seremala Muheza. Miaka hiyo nyumba za mameneja wa mashamba ya mkonge zilikuwa bado na samani za Kiingereza, na droo ikikwama au mguu ukitoka, aliitwa yeye. Mimi ndiye niliyemshikia taa. Kazi yangu ya maisha imekuwa uuguzi, sikusomea samani, lakini nimetazama chini ya makabati mengi kuliko niliyowahi kumiliki. Hili nililinunua kwa kiinua mgongo changu, na nililitaka kwa sababu yake yeye.

Siku ya kwanza sikuligusa, nililitazama tu. Siku ya pili nikataka kupanga mashuka, droo moja ya chini ikagoma. Nikaichomoa yote, nikaigeuza dirishani. Hapo furaha ikaniisha.

Mnajua kwamba ubavu wa droo hufungwa na uso wake kwa meno yanayoingiana, yaliyochanuka mfano wa mkia wa njiwa. Kwenye droo za juu meno hayo ni machache na hayalingani, moja nene, jingine jembamba, na fundi ameacha mkwaruzo wa msumeno uliopita mstari wake kwa kiasi cha punje ya mchele. Huo ni mkono wa mtu. Kwenye droo za chini meno ni mengi na yote yako sawasawa kama ya kitana. Hiyo ni mashine, na mafundi wa George III hawakuwa nayo.

Nikamwomba jirani anisaidie kulivuta kabati kutoka ukutani. Mbao za mgongo wa ghorofa ya juu zina mistari iliyonyooka lakini isiyopishana kwa nafasi sawa, alama ya msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake shimoni. Kule Usambara wapasua mbao walikuwa wakikata hivyo mimi nikiwa mtoto, siwezi kuikosea. Mbao za mgongo wa chini zina michirizi ya upinde kama kipande cha mwezi mwandamo, kila mmoja kwa umbali uleule. Huo ni msumeno wa duara, ambao ulienea kwenye karakana za Uingereza katika karne ya 19. Nikafungua skrubu moja ya mgongo huohuo: ina ncha kali. Skrubu za 1770 zilikuwa butu, ilibidi utoboe tundu kwanza. Hizi za ncha zilienea baada ya katikati ya karne ya 19. Skrubu peke yake ningeisamehe, maana kitu cha miaka 250 lazima kiwe kimekarabatiwa mahali. Hata vishikio vya shaba nimevisamehe. Ndani ya droo za juu kuna matundu ya zamani yaliyozibwa, kwa hiyo vishikio vya sasa si vya kwanza, na hilo ni jambo la kawaida kwa samani za umri huo. Mngeniambia tu.

Lakini kilichonimaliza kilikuwa bado.

Tulishusha ghorofa ya juu, mimi, jirani na mwanawe. Uso wa juu wa ghorofa ya chini, pale panapofunikwa kabisa, umebandikwa mahogani nzuri na kung'arishwa hadi kingo. Mahogani ya wakati ule ilivuka bahari kutoka Jamaica, Cuba na Honduras. Ilikuwa ghali, ndiyo maana mafundi waliiweka panapoonekana, na mgongoni na ndani ya droo wakatumia msonobari au mwaloni. Hakuna seremala mwenye akili timamu angeitandaza mahali ambapo hapataonekana milele. Na katikati ya uso huo, ndugu Meneja, kuna alama nyeupe ya duara, ya kitako cha glasi. Nani aliweka glasi pale, kama ghorofa hizi mbili zimekaa pamoja tangu 1770?

Ile ya chini ilikuwa kabati linalojitegemea. Lilitengenezwa miaka mia moja hivi au zaidi baada ya lile la juu, likakaa kwenye chumba cha mtu, likawekewa glasi, kisha mtu mwingine akalipandishia mwenzake mgongoni. Wauzaji wa vitu vya kale wa nchi hii wana jina la jambo hili, wanaliita ndoa. Ndoa inauzwa kila siku na si haramu, ila mnunuzi huambiwa, na bei yake iko chini sana ya bei ya kabati lililozaliwa zima. Mimi nimelipishwa bei ya lililozaliwa zima.

Nataka nieleweke vizuri hapa. Sijasema mmeniuzia kitu kibaya. Ghorofa ya juu ni kazi safi sana, baba angeipitishia kiganja mara mbili. Wala sidharau vitu vya kuigiza. Mngeandika "mtindo wa George III", neno moja tu la kuongeza, ningejua ninachonunua na ningetoa bei yake. Neno "mtindo" katika biashara yenu lina maana kubwa, na nyinyi mnaijua kuliko mimi. Mliliacha, mkaweka mwaka. Malalamiko yangu yote yako kwenye huo mwaka.

Mbwa hawahitaji maneno mengi. Karatasi yenu ya bei ilibandikwa chini ya mbwa wa kushoto. Niliilowesha kwa maji ya uvuguvugu, ikatoka, na chini yake nikasoma "Made in England". Vyombo vya kauri vya nchi hii vilianza kuandikwa jina la nchi kwa wingi baada ya sheria ya forodha ya Marekani kuanza kudai hivyo mwaka 1891, na haya maneno matatu kwa pamoja kwa kawaida ni ya karne ya 20. Tena tundu la chini linaingiza kidole changu cha shahada. Mbwa wa 1850 walitengenezwa kwa kukandamiza udongo kwenye kalibu, wakaachiwa kitundu kidogo cha kutolea hewa. Hawa wamemiminwa kwa udongo wa majimaji, ndiyo maana tundu lao ni kubwa. Sitaki kuamini kwamba karatasi ilibandikwa pale makusudi, lakini chini ya mbwa kuna nafasi ya kutosha, na mbwa wa kulia yeye karatasi yake iko pembeni.

Nilipiga simu tarehe 10 Machi. Kijana wenu aliniambia kwamba vitu vya kale haviuzwi kwa dhamana, kwamba ankara imeandikwa "bidhaa ikiuzwa hairudishwi", na kwamba "hata Waingereza wenyewe hawavijui hivi". La mwisho sina la kulijibu. Kuhusu hayo mawili, Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa, iwe mpya au ya kale, na muuzaji hawezi kulifuta takwa hilo kwa maandishi ya chini ya ankara. Inanipa siku 30 za kuikataa bidhaa na kurudishiwa fedha zote. Isitoshe, kanuni za mikataba ya walaji za 2013 zinampa mtu aliyenunua kwa mbali siku 14 tangu apokee bidhaa kughairi hata bila sababu. Leo ni siku ya 13.

Kwa barua hii, basi, nalikataa kabati na nawakataa mbwa, na naghairi ununuzi wa vitu hivyo viwili. Naomba mnirudishie pauni 3,380 pamoja na pauni 140 za usafiri, jumla pauni 3,520, kwenye akaunti ileile niliyolipia, ndani ya siku 14. Gharama za kuvichukua ni zenu. Sitapokea "punguzo la kirafiki" wala kubadilishiwa kabati jingine, kwani kijana alishaanza kunitumia picha za kabati la 1780 na sina nguvu za kulichunguza. Muda huo ukipita bila fedha, nitafungua madai madogo mahakamani, ambako kiwango hiki kinaruhusiwa, na nitapeleka nakala kwa chama cha wauzaji ambacho nembo yake mmeiweka juu ya ankara.

Nimeambatanisha picha 14, zikiwemo za droo ya juu na ya chini zikiwa ubavu kwa ubavu, ya alama ya glasi, na ya karatasi ya bei kabla na baada ya kuloweshwa. Skrubu niliyoitoa nimeirudisha mahali pake.

Mkija kuchukua, njooni na watu wasiopungua watatu, na mje baada ya saa kumi jioni, jirani yangu akiwa amesharudi kutoka kazini. Ghorofa ya juu ishushwe kwanza na ibebwe kwa blanketi. Mliileta ikiwa imefungwa kwa kamba tupu, na kona ya kulia imeanza kuchubuka. Hiyo haikustahili.

Mteja wenu,
(sahihi)
Ankara Na. 0417