Ufunguo unao wewe, Zuhura

Chikongola, Mtwara
Novemba 12, usiku

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, mama mdogo mzima, watoto wazima, na kule nyumbani mabibo yananuka mpaka ndani ya chandarua. Wewe na wa kwako natumaini ni hivyohivyo. Salamu nyingine nitazimalizia mwisho nikikumbuka, maana Salumu anaondoka na basi la alfajiri na anataka karatasi hii iwe imekunjwa kabla hajafunga begi lake.

Najua utashangaa, mtu kukuandikia barua ya mkono zama hizi. Sasa ningefanyaje? Nimekupigia tangu jana mchana, inaita mpaka inakata. Ujumbe nimetuma, tiki moja. Nikasema huyu ama simu imeibiwa huko Mbagala, ama bado ana yale ya vijora vya harusi ya Hadija. Kama ni simu, pole sana. Kama ni vijora, Zuhura, soma kwanza mpaka chini halafu uendelee kununa. Shida niliyonayo dawa yake unayo wewe peke yako, na sisemi hivi kukupaka mafuta, utaona mwenyewe.

Laptopu ya AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima wa korosho, imejifunga.

Ile ile tuliyonunua pamoja Kariakoo mwaka juzi. Ijumaa jioni nilikuwa naingiza kilo za mzigo wa mwisho, kikatokea kijitangazo pembeni: kuna masasisho, washa upya. Nikabonyeza, nikaenda zangu kufuata maji. Narudi nakuta kioo cheusi, feni inalia kama lori la korosho linapanda mlima, na maneno kwamba fimwea inasasishwa, usizime. Sikuzima. Ikajizima yenyewe, ikawaka, ikajizima, ikawaka. Mara ya tatu ikaniandikia kwa Kiingereza kwamba haioni diski ya kuwashia. Basi, ikaishia hapo.

Mimi fimwea nilikuwa sijui hata inaandikwaje. Shafii wa Mama Swaumu ndiye amenielewesha jana: ni programu iliyokaa ndani ya ubao wenyewe wa kompyuta, inaamka kabla ya Windows, ndiyo inayoitafuta diski na kuiambia haya, amka. Na siku hizi masasisho yake yanakuja kwa njia ileile ya masasisho ya Windows, yamevaa nguo ileile, huwezi kujua yupi ni yupi. Unabonyeza tu kama ulivyozoea.

Mle ndani kuna wakulima 412. Majina, kilo, tarehe za kupokea mzigo, namba za akaunti za benki. Mnada umeshapita na orodha ya malipo inatakiwa Ijumaa hii. Vitabu vya stakabadhi vipo, kwa hiyo si kwamba tumepotelewa na kila kitu, ila kuingiza watu 412 upya kwa siku tatu, nikikosea tarakimu moja ya akaunti, pesa ya huyu inalala kwa yule. Na unawajua watu wetu, mwaka mzima wanaukopea msimu huu. Unamjua Mzee Dadi! Jumamosi alikuja ofisini mara tatu. "Mwanangu, imeamka?" Kama anaulizia mgonjwa wa hospitali ya Ligula. Nimemkimbia huku Mtwara, sasa ananipigia.

Usiniulize kama nilikuwa na nakala kwenye flashi. Ninayo. Ya mwezi wa tisa, kabla hatujapokea hata gunia moja.

Sasa nikusimulie ya fundi wa kwanza, huyo wa kulekule kwetu, jina nimhifadhi. Aliiwasha, akainamisha sikio juu ya laptopu kama mganga, akatikisa kichwa. "Diski imekufa hii. Sikia inavyogonga." Na mimi, kwa kuwa nimeambiwa inagonga, nikaanza kuisikia inagonga! Akasema tununue diski mpya, au kwanza hii hii aipige fomati, kama itafufuka apige Windows tuendelee na maisha. Nikamuuliza na kazi zangu za ndani je? Akasema dada, maiti haina kazi.

Zuhura, nilikubali. Usiku huu ninavyokuandikia mkono unatetemeka kwa hilo tu. Nilimwambia sawa, piga. Skrubu zimeshatolewa, flashi yake ya Windows ipo mezani, bei tumeelewana. Ndipo umeme ukakatika. Tukakaa tunajipepea mpaka giza likaingia, haukurudi, nikasema basi nitakuja kesho. Nilipofika nyumbani sikulala. Nikawa najiuliza, diski iliyokuwa inafanya kazi saa kumi na moja, haikuanguka, haikumwagiwa maji, inakufaje saa kumi na moja na nusu, na katikati hapo kilichopita ni masasisho tu? Asubuhi nikaifunga kwenye khanga, nikashuka nayo Mtwara.

Shafii amekua, hutamtambua. Amesoma chuo cha ufundi, VETA, ana kibanda chake cha meza mbili. Kitu cha kwanza hakuisikiliza kwa sikio. Alinikalisha, akaniuliza nilibonyeza nini na iliandika nini, neno kwa neno. Akatazama saa ya kompyuta, akaona inasema kweli, akasema kumbe betri ndogo ya ubaoni haijachoka, maana nayo ikifa mipangilio hupotea. Kisha akaitoa diski, akaiweka kwenye kasha la USB, akaichomeka kwenye kompyuta yake.

Ikazunguka taratibu, bila kugonga! Ni ya terabaiti 1, na kompyuta yake ikaionyesha kwa gigabaiti 931, akaniambia usishtuke, hapajaibiwa kitu, ni namna mbili za kuhesabu. Akafungua programu inayosoma afya ya diski: sekta, yaani vijisehemu vya diski, zilizohamishwa kwa kuharibika sifuri, zinazosubiri kuhamishwa sifuri. Nzima kama siku uliyoichagua wewe. Ila kwenye picha yake pana kufuli. Kakufuli kadogo. Ukibofya inataka ufunguo.

Akairudisha ndani, akaingia kwenye bayosi, ndiyo hiyo fimwea yenyewe. Akakuta mipangilio imerudi ilivyotoka kiwandani: namna ya kuwasha imegeukia ile ya zamani, na Windows yetu iliwekwa kwa namna mpya, UEFI. Kwa hiyo fimwea ilikuwa imesimama mlango wa nyuma inaita mtu aliye mlango wa mbele. Akageuza kipengele kimoja tu, kimoja, akahifadhi, akawasha. Diski ikaonekana papo hapo. Nilipiga kigelegele mama muuza ming'oko akageuka.

Kigelegele hakikumaliza mate. Kikaja kioo cha buluu: BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, tia ufunguo wa kurejesha, tarakimu 48.

Shafii akauliza, "Dada Somoe, nani aliifunga hii?" Nikaapa hakuna. Akanieleza kwamba kufuli hilo linakubaliana na kidude cha usalama kilichomo ndani ya laptopu. Kila siku kinafungua kimyakimya hata usijue kama kuna mlango. Fimwea ikibadilika kinaona sura ngeni, kinakataa, kinaomba ufunguo wa mkono. Nikawa nabisha bado. Halafu nikakuona wewe, na lile baibui lako la kijivu, umekaa kwenye kile kistuli cha duka la Kariakoo, unaniambia, "Kompyuta inayobeba pesa za watu haikai wazi kama banda la kuku." Ukabofya bofya. Nenosiri la barua pepe yangu nilikuwa nimelisahau, ukasema tutumie yako kwanza, utabadilisha ukifika nyumbani.

Nilibadilisha? Si unanijua.

Nikulaani nilikulaani, nisikufiche. Kutoka kibandani kwa Shafii mpaka hapa kwa mama mdogo nilikuwa nakulaani kimoyomoyo. Halafu nikakumbuka ile ofisi ya jirani iliyovunjwa mwaka jana, nikafikiri kama wangeichukua hii, akaunti za watu 412 zingekuwa mikononi mwa nani. Nikazirudisha laana zote. Ulifanya sawa. Aliyekosea ni aliyekuwa na miaka miwili ya kubadilisha barua pepe.

Basi ombi langu ni hili, lishike vizuri. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, ileile uliyotumia siku ile, kwa anwani account.microsoft.com/devices/recoverykey. Ukifika utaona majina ya kompyuta na pembeni kitambulisho cha ufunguo. Kama una kompyuta zaidi ya moja zitakuja zote, usininukulie ya kwanza unayoiona. Herufi 8 za mwanzo za kitambulisho nimekuandikia nyuma ya karatasi hii kama zilivyo kwenye kioo changu, zilinganishe. Zikilingana, ufunguo wake ndio wangu: mafungu 8, kila fungu tarakimu 6. Nipigie kwa namba ya mama mdogo iliyo juu ya bahasha, unisomee polepole. Usimpe Salumu arudi nazo, anarudi Jumapili, nitakuwa nimeshafukuzwa kazi.

Na hapa kuna kitu kitakufurahisha. Shafii anasema kila fungu la tarakimu 6 katika ufunguo huo lazima ligawanyike kwa 11 bila baki. Nikamwambia rudia. Akarudia. Umemkumbuka Mwalimu Baki? Ubaoni, unatoa unajumlisha kwa kupokezana, ukipata sifuri, au 11 au 22, hata ikiwa hasi, inagawanyika. Chukua 123453: moja toa mbili, jumlisha tatu, toa nne, jumlisha tano, toa tatu, sifuri. Inapita. Kwa hiyo tukinukuliana kwa simu na mtandao wetu huu wa kukwaruza, kila fungu nitalipima papo hapo kabla hujaenda linalofuata. Ukisema tano nikasikia tatu, hesabu itakusema. Miaka yote tulikuwa tunamuuliza yule mwalimu hii itatusaidia wapi.

Lakini narudi palepale, siwezi kutoka. Lile flashi lilikuwa mezani. Angepiga fomati, ufunguo wako ungekuja ukakuta nyumba imebomolewa. Hata Shafii alinyamaza nilipomsimulia. Akaniambia mambo haya yana wenyewe tangu zamani: mwaka 2009 zilikuwapo diski za Seagate, Barracuda 7200.11, zilizokuwa zinajifunga zenyewe kwa kosa la fimwea yao. Bayosi haizioni kabisa, na data zote ndani salama salimini. Ikatolewa fimwea ya kuzitibu, nayo hiyo dawa ikazizima baadhi ya zile za gigabaiti 500 mpaka ikabidi irudishwe jikoni. Watu wangapi walizitupa jalalani siku ile wakidhani ni maiti? Yeye alikuwa mtoto, kahadithiwa na mwalimu wake, lakini anaisimulia kama alikuwepo.

Ukinipa ufunguo, cha kwanza tunanakili kila kitu kwenye diski ya nje kabla sijaongeza hata kilo moja. Na ufunguo nitauchapisha, ukae kwenye kasha la chuma pamoja na muhuri. Shafii amenifundisha pia kwamba siku nyingine kabla ya kusasisha fimwea unaisimamisha kwanza BitLocker kwa muda, chaja ikiwa imechomekwa, halafu inarudi yenyewe. Sasa hivi najua. Zamani nilikuwa najua kubonyeza.

Haya, vijora. Sikusema kwamba umechagua rangi ya msiba, nilisema rangi imekolea, aliyeongeza msiba ni Fatu, muulize. Na elfu thelathini na tano zako sijazisahau. Salumu anakuja na bahasha ndogo, humo kuna ishirini, na korosho kilo mbili, amebangua mama mwenyewe kwa vidole vyake, usizigawe kwa majirani kabla hujaonja. Iliyobaki baada ya malipo, na malipo yako mikononi mwako, kwa hiyo ukichelewa unajichelewesha mwenyewe!

Sasa nijibu. Barua pepe ile bado unaifungua, au nayo umesahau nenosiri kama mimi? Ile laini uliyoiunganisha nayo unayo bado? Maana wakikutumia namba ya kuhakikisha ikaenda kwenye laini iliyokufa, tumekwisha wote wawili. Simu ina nini hasa? Umehama Rangi Tatu kweli, kama alivyosema Fatu? Mtoto kidole kimepona? Hadija amekwambia kwamba ana mimba, au nimekuharibia? Desemba unakuja, au unasubiri tena mpaka mtu afe ndiyo upande basi?

Salumu amekuja kusimama mlangoni. Nipigie kesho usiku, hata saa sita, tunakesha.

Wako,
Somoe

Geuza karatasi. Hiyo herufi ya tatu ni sifuri yenye mkato, si O. Nimemuuliza Shafii mara mbili.